Ndara Zilizosimama Mstarini

Siku niliyotoka Mambrui sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikatia panga na robota la kamba ya makumbi ya nazi ndani ya gunia, nikapita barazani kwa Bwana Athmani kumuaga. Yeye ndiye aliyenifundisha kuezeka makuti.

"Wenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Haya. Wakikuuliza huko, waambie hivyo hivyo."

Hakushangaa. Shule niliiachia darasa la tano. Ama mwalimu alichoka na maswali yangu, ama mimi nilichoka na majibu yake, mpaka leo sina hakika. Tangu hapo sikuwahi kukaa mahali hadi watu wakaacha kuniita mgeni.

Gari la kwanza kusimama lilikuwa lori lililojaa makuti. Utingo akanionyesha juu, nikapanda nikalala chali. Tulipita Malindi, tukashuka hadi Kilifi, kisha tukaiacha lami tukaingia bara, kwenye vumbi na vichaka vikavu na wanawake wenye madumu ya maji kichwani. Kila nilipoona kitu nisichokijua nilimgongea dereva paa la kibanda chake nimuulize. Mara ya tatu alitoa kichwa dirishani akasema nikitaka kujua zaidi nishuke nikaulize mwenyewe.

Tulisimama kwenye kijiji kimoja upande wa Ganze. Mwenye lori alikuwa mtu mnene aitwaye Kitsao, mwenye shati la mfuko uliojaa kalamu. Alinitazama nikishuka na majani ya mnazi nyweleni.

"Na wewe ni mzigo wa nani?"

"Mimi naezeka makuti."

Akamgeukia dereva kana kwamba wamefanya njama. "Makuti uliyoyalalia ni ya dada yangu. Fundi wake amekimbilia mahoteli ya Malindi juzi, nyumba imebaki kichwa wazi. Kesho utaanza."

Ndivyo nilivyopata kazi. Vijana huniuliza siku hizi kazi inatafutwaje. Mimi niliilalia njia nzima bila kujua.

Nyinyi leo mwapiga mabati, na mvua ikinyesha hamsikilizani ndani ya nyumba moja. Kuti halina kelele, lakini lina adabu zake. Jani la mnazi linakunjwa juu ya ufito na kushonwa, jingine kando yake, mpaka upate kitu kama pazia fupi. Unaanza chini ukingoni na kupanda. Kila pazia linalala juu ya lile la chini yake, na ujuzi wote uko katika nafasi unayoacha baina yao. Bwana Athmani alitaka vidole vitatu. Ukiacha vidole vitatu, paa ni nene na lakaa miaka mingi. Ukiacha kiganja kizima, paa ni jepesi, lavumilia misimu michache tu, kisha unaanza kuona nyota ukiwa kitandani. Na vipaa vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, unavipandisha pamoja. Ukikimaliza kimoja ukaacha kingine kitupu, uzito unaelemea upande mmoja na nyumba inaanza kuinamisha shingo.

Jambo jingine la kazi ile ni kwamba aliye chini hukusahau. Ukishapanda, baada ya muda mfupi huwi mtu tena, umekuwa sehemu ya nyumba. Mara moja pale Malindi, bado nikiwa mwanagenzi, mume na mke waligombana chini yangu juu ya nani amekula samaki wa kukaanga aliyebaki jana. Mimi nilimwona paka tangu asubuhi. Nikainama kwenye upenyo nikawaambia. Wote wawili wakanigeukia mimi: nilikuwa nachungulia nini chumbani mwao? Chakula cha mchana hatukukiona. Bwana Athmani alinifundisha njiani, tukitembea kurudi na njaa yetu. "Mwanangu, wale walikuwa wakigombana, lakini walikuwa wao kwa wao. Wewe umewapatanisha juu ya kichwa chako."

Nilisikia, lakini haikuniingia.

Na miaka ile, miaka ya themanini, ya kusikia yalikuwa mengi. Sokoni watu walizungumza mvua na mpira. Chini ya paa lao wenyewe walizungumza serikali. Kuna mwenye duka mmoja ambaye kila asubuhi alilaani bei ya unga, barabara, na wakubwa waliokula nchi, akamaliza chai yake, akachukua kitambaa, akatoka mbele ya duka akaifuta vumbi picha ya mkubwa wa nchi mpaka ikang'aa. Mimi nilikuwa juu, nayasikia yote mawili. Sikumwona mnafiki. Nilitaka tu kujua mtu anawezaje kuyabeba yote kwa mkono mmoja.

Nyumba ya dada yake Kitsao ilipakana na uwanja wa shule. Aliitwa Mama Karembo, mjane mwenye watoto wanne, akiuza chai na mahamri kando ya ua. Tangu paa lake la kale lianguke, yeye na watoto walilala jikoni, baina ya mafiga na kuku. Masika yalikuwa yakikaribia, na jikoni kule maji yaliingia kwa mlango. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu: nyumba ifungwe kabla ya mvua.

Kaka yake alitoa makuti, maana bara kule minazi ni michache. Boriti, fito na watu wa kunirushia makuti alitoa Charo, ndugu wa marehemu mumewe, mchoma makaa mrefu mwembamba asiyejua kunong'ona. Wote wawili walikuja kunywa chai pale kila asubuhi, na kila asubuhi waligombana.

"Maji mliyotuahidi yako wapi, Kitsao?" Charo alianza hivyo, kama salamu.

"Yanakuja."

"Yanakuja kwa miguu kutoka Nairobi?"

"Hata yakija, wewe utayafanyia nini? Kuoga huogi."

"Mkishaleta maji," alisema Mama Karembo, "nileteeni na fito. Fundi ameishiwa."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa udiwani. Lazima niwaeleze, maana nyinyi mmezaliwa mtu anasema atakalo. Chama kilikuwa kimoja. Mkubwa wa nchi hakutajwa ila kwa sifa. Basi unga ukipanda, walimlaumu diwani. Dawa zikikosekana zahanati, walimlaumu diwani. Nairobi ilikuwa mbali na ya kuogopwa. Diwani alikuwa karibu, mtu mfupi mpole mwenye baiskeli, na hasira zote zilizokusudiwa mbali zilimfikia yeye. Charo na wenziwe walitaka kumtoa, wamweke kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini. Kitsao alikuwa mtu wa chama, alitaka yule yule abaki.

Mimi nilishindwa kunyamaza. Siku moja niliuliza kutoka juu, "Baba Charo, huyo kijana wako akishinda, atabadilisha nini huko Nairobi?"

Charo akainua macho. Nadhani alikuwa amenisahau. "Hatabadilisha kitu."

"Sasa?"

"Sasa watajua kwamba tumekasirika. Wewe ukiwa na njaa hulii? Kulia kwaleta chakula?"

"Na wewe, Mzee Kitsao? Nimekusikia mara nyingi. Hata wewe huridhiki."

"Hata na meno yangu siridhiki," akasema Kitsao, "lakini siendi kung'oa yote. Huyu tunayajua makosa yake. Huyo mpya makosa yake tutayajulia wapi?"

"Tutayajua tukimpa kazi," alisema Charo, na mchezo ukaanza upya.

Mpaka leo sijasikia mabishano ya siasa yaliyopita yale. Nyinyi mna simu na mna vyama vingi, na mwarudia ya watu wawili hawa.

Siku ya kuchagua ilikuwa ya jua kali. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama uwanjani nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, mbele ya chifu, shemeji yako na mama mkwe wako, ukahesabiwa kama mbuzi. Mama Karembo alisema ana homa. Homa ile ilimshika mara tu waliposema watu wajipange, ikamlaza jikoni mpaka mistari ilipovunjwa. Mimi kadi yangu ya kura haikuwa ya pale, basi nilipanda kazini. Vipaa vyote viwili vilikuwa vimefika katikati. Uwanja wote ulikuwa chini yangu.

Mstari wa diwani wa zamani ulikuwa mfupi na umenyooka. Mstari wa kijana wa bandarini ulikwenda hadi mwisho wa uwanja. Lakini hapa yataka uwajue watu wa bara. Kule maji hupangiwa foleni tangu alfajiri, na hakuna anayekaa juani kulinda zamu. Unaweka dumu lako kwenye mstari, unakwenda kukaa kivulini, na dumu linasimama badala yako. Mstari ukisonga, aliye nyuma anasukuma na lako. Hakuna anayeliruka wala kulitia teke. Ni kama kumruka mwenyewe. Wakati wa kugawiwa mahindi ya msaada waliweka kofia na bakora. Kwao foleni ni kitu kinachoweza kusimama chenyewe.

Basi siku ile, kungoja kulipozidi, waliokuwa nusu ya nyuma ya mstari wa kijana wakavua ndara zao, wakaziweka mahali pao, moja nyuma ya nyingine, wakaenda kukaa nyuma ya darasa, kwenye kivuli. Kutoka juu niliona mstari mmoja mrefu: watu, kisha ndara, kofia, bakora, na hata sufuria ya mtu. Haikunijia kwamba kuna kosa. Nilikuwa nimekaa kule muda wa kutosha kuona ni sawa.

Karani alikuwa mtu mgeni, mwenye suruali ya kijivu. Alihesabu watu kwa kuwagusa bega. Alifika kwa mtu wa mwisho aliyesimama, na nyuma ya mtu huyo ndara ya kwanza. Akasimama hapo. Akatoa leso akapangusa uso. Kisha akageuka akarudi mezani. Walipotoka nyuma ya darasa kuvaa ndara zao, diwani wa zamani alikuwa amekwisha kutangazwa, na watu wa Kitsao wanapiga vigelegele.

Asubuhi yake Mama Karembo alinijia na chai mwenyewe, homa imekwisha. "Fundi, jana wewe ulikuwa juu. Watakuja kukuuliza, huyu na yule. Mvua iko hapo nyuma ya mlima. Funga paa kwanza."

"Na wakiniuliza?"

"Mafundi wote hushika kamba kwa meno. Shika. Mwenye kamba mdomoni hajibu."

Walikuja pamoja, kila mmoja na watu wake. Charo akataka niseme mstari wa kijana ulikuwa mrefu. Kitsao akataka niseme karani alihesabu watu wote waliokuwa mstarini. Mimi kamba ilikuwa mdomoni kweli. Niliitoa, na nitawaambia kwa nini: nilitaka kujua. Niliamini nikisema nusu niliyoiona mimi, wao watanipa nusu iliyobaki, na kwa pamoja tutafahamu yule karani aligeuka kwa sababu gani.

"Mstari wa kijana ulikuwa mrefu zaidi, mbali sana," nilisema. "Lakini nusu yake ilikuwa ndara. Wenyewe walikuwa kivulini. Karani alifika kwenye ndara akarudi."

Walitazamana, mpaka nikadhani wanafikiri.

"Wasema tulilala?" aliuliza Charo. "Wasema tumejiibia wenyewe?"

"Wasema karani aliona akanyamaza?" aliuliza Kitsao. "Wajua hayo ni maneno ya kumpeleka mtu wapi?"

"Nauliza tu, wazee wangu. Nyinyi mwaonaje?"

 Waliondoka, huyu kwa njia hii, yule kwa njia ile. Mchana Kitsao akatuma ujumbe kwamba makuti yaliyobaki hayatakuja, lori limeharibika. Lori lenyewe lilipita mbele yetu jioni, zima, likipiga honi. Charo naye akasema watu wake wana tanuri la makaa, hawana nafasi ya kurusha makuti. Mama Karembo alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake akitazama mbingu kupitia mahali ambapo vipaa vilipaswa kukutana.

"Hawakunikatalia mimi," akasema. "Wamekukatalia wewe. Lakini atakayenyeshewa ni nani?"

 Nilikuwa na makuti ya nusu nyumba na mawingu ya nyumba nzima. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Bwana Athmani angelinifukuzia. Niliyafungua makuti yote niliyokwisha kufunga, kamba kwa kamba, nikayashusha, nikaanza upya kutoka ukingoni kwa kiganja kizima badala ya vidole vitatu. Mama Karembo alinirushia mwenyewe, kanga imefungwa kiunoni, bila kunisemesha. Kama mtawahi kufanya kazi hii, jueni kwamba kuti lililokwisha kukauka likifunguliwa huvunjika. Lirushie maji kwanza uliache lilegee. Maji yenyewe alikuwa ameyabeba kichwani kutoka mbali, na aliyamwaga juu ya makuti yale akiuma midomo.

Tulifunga paa. Lilikuwa jepesi, ukitazama juu mchana uliona vinukta vya nuru kama upele. Nikamwambia ukweli: "Hili halitafika mbali, mama. Misimu mitatu, pengine minne."

"Uchaguzi mwingine ni baada ya muda gani?"

"Miaka mitano."

"Basi litavuja kabla hawajaanza kunidanganya tena," akasema, na ndiyo mara ya kwanza alipocheka tangu siku ile.

Mvua ilikuja mchana uliofuata, ya kishindo. Tulikaa ndani sote, watoto wakiwa wamenyoosha mikono kutafuta pa kuvujia. Ilivuja mahali pamoja, juu ya kiti ambacho Kitsao hupenda kukalia. Mama Karembo hakukisogeza. Akaweka sufuria juu yake.

Ilipopungua, akaja mtu wa chifu kuuliza alipo yule fundi wa pwani aliyekuwa juu siku ya mistari. Mama Karembo akamjibu kwamba fundi alimaliza kazi na kuondoka. Mtu yule alikuwa akinitazama mimi wakati anaambiwa hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Mama Karembo alinifungia mahamri kwenye gazeti.

"Nimekukasirikia bado," akasema. "Lakini nenda."

Sikupata gari mpaka Kilifi, na la Kilifi liliniteremsha Mtwapa kwa sababu ndipo nauli ilipokwisha. Sikuwahi kufika huko. Mji ulikuwa wa vyumba vya kupangisha na muziki wa baa mchana kweupe. Mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba vingi vilivyoelekeana alinionyesha kimoja cha mwisho, kitanda cha kamba na dirisha lisilofunga. Wapangaji walikuwa wamekaa uani kwenye benchi refu, wamegawanyika ncha hii na ncha ile. Kwao pia walikuwa wamechagua kwa mistari.

"Mgeni, watoka wapi?" mmoja akaniuliza.

"Ganze."

"Huko walishindaje?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye mlango wa chumba. Nilijua maneno haya yaligharimu nini mara ya mwisho, na chumba nilikuwa sijakilipia. Nikawasimulia vivyo hivyo: watu, ndara, kivuli, karani. Ncha moja ya benchi ikasema ni wizi. Ncha ya pili ikasema ni ujinga wa watu wa bara. Nikaanza kutafuta gunia langu kwa macho.

Katikati alikaa mzee mmoja mwenye koti la askari wa kampuni ya ulinzi. "Huyo karani," akasema, "alipofika kwenye ndara ya kwanza, mguu wake ulifanya nini?"

Hakuna aliyeniuliza hilo. Ganze wote walinijia na jibu mkononi. Nilifumba macho nikapanda tena juu ya lile paa. Nilimwona karani, suruali ya kijivu, anatembea haraka, hajui bado kama mstari umekwisha. Mguu wa kulia uko hewani. Niliinua wangu nikaonyesha pale uani. Mguu ulikuwa hewani juu ya ile ndara, kisha akaurudisha. Aliurudisha nyuma polepole, akauweka chini mahali ulipotoka, bila kuigusa.

"Hakuikanyaga?"

"Hakuikanyaga wala hakuiruka."

"Mtu asiyejua angeiruka," alisema mzee. "Ni ndara tu. Mimi ni mtu wa Bamba, jirani na Ganze. Ndara ya mstarini hatuiruki."

Benchi lote likautazama mguu wangu, ncha hii na ncha ile. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, hakumbuki kunipa.

"Basi alijua kila ndara ni mtu," akasema mmoja wa wale waliosema ni ujinga.

"Alijua," nikasema, na mimi mwenyewe ndipo nilipojua.

Wakasogea, wa huku wakaenda huku na wa kule wakaenda kule, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kando ya mzee wa Bamba. "Kaa, mgeni," wakaniambia, "utueleze tangu mwanzo."